Uyoga unaowaka na ngisi anayewaka: ni ndugu, ila si kwa sababu ya mwanga

Jioni moja nilikuwa jikoni nasafisha ngisi. Nimeshavuta kichwa, matumbo yametoka nacho, kifuko cha wino nimekiweka pembeni kwa uangalifu kwa sababu kikipasuka tu, sinki yote inageuka ofisi ya mchapaji. Nilikuwa nimeshika kile kijiti chembamba kinachopitika mwanga, kile kinachofanana na kipande cha plastiki, ambacho kila anayepika ngisi anakijua na hakuna anayekiuliza jina. Hapo mpwa wangu, yuko kidato cha pili, akaniletea simu mpaka mbele ya pua.

Picha mbili zimebandikwa pamoja. Kushoto kuna uyoga mdogo juu ya gogo, unawaka kijani gizani. Kulia kuna ngisi wa kina kirefu, mwili mzima una vitone vya buluu. Chini yake mtu kaandika kwamba hawa ni ndugu waliotenganishwa na bahari, kisha likafuata lile zogo la kawaida: mmoja anasema ni fosforasi, mwingine anasema ni kompyuta imetengeneza, wa tatu anasema majini hayajifichi siku hizi.

"Mjomba, kweli hawa ni ndugu?"

Nikamwambia ndiyo. Akafurahi, akaanza kunieleza habari za mwanga. Nikamkatiza: undugu wao upo kweli, lakini mwanga hauhusiani nao hata kidogo. Nikamnyoshea kile kijiti chenye utelezi. "Undugu wao uko humu."

Hakunielewa, na sikumlaumu, maana hapo pamefungwa mafundo mawili. Tufungue la mwanga kwanza.

Kuwaka si kung'aa

Kiswahili chetu kina maneno mengi ya mwanga na tunayachanganya bila shida mpaka siku tunapotaka kueleza jambo kama hili. Kuna vitu vya aina nne ambavyo vyote mtu atasema "vinawaka gizani", na vinne hivyo havifanani.

Cha kwanza ni jaketi la dereva wa bodaboda. Ile mistari ya fedha inakupiga machoni ukiwa na gari usiku, lakini mwanga ule ni wa taa zako mwenyewe, jaketi limekurudishia tu. Zima taa za gari, jaketi limekufa. Ngisi wa kawaida aliyetoka majini sasa hivi, yule anayebadilika rangi mbele ya macho yako na kumeremeta kama hariri, anafanya kazi hiyo hiyo: ngozi yake inacheza na mwanga uliopo. Gizani hicho kipaji hakina maana.

Cha pili ni noti ya benki chini ya ile taa ya zambarau ya kukagulia pesa bandia. Alama zilizofichwa zinang'ara kwa rangi ambayo hukuiona kabla. Noti imepokea mwanga usioonekana kwa macho ikaugeuza kuwa unaoonekana. Nayo ukizima taa, mambo yamekwisha papo hapo.

Cha tatu ni mishale ya saa ya mkononi, ile ya rangi ya kijani. Hii inakunywa mwanga mchana na kuutema polepole usiku. Inaonekana kama inawaka yenyewe, kumbe inalipa deni.

Cha nne ni kimulimuli. Huyu hakukopa mwanga kwa mtu. Mfungie ndani ya chupa, mweke kabatini siku nzima, usiku atawaka. Anautengeneza mwanga mwilini mwake kwa kuchanganya kemikali, kama wewe unavyotengeneza joto kwa chakula ulichokula. Mwanga wa namna hii ndio wataalamu wanauita bayoluminesensi, yaani mwanga unaotengenezwa na kiumbe hai. Uyoga wa kwenye picha na ngisi wa kwenye picha wote wako kundi hili la nne.

Basi fosforasi imetoka wapi? Mwaka 1669, mjini Hamburg huko Ujerumani, Hennig Brand alikuwa akichemsha mikojo kwa mapipa akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata, akapata kitu cheupe kilichotoa mwanga hafifu kikikutana na hewa. Kikapewa jina la Kigiriki lenye maana ya mbeba mwanga. Tangu hapo watu wakazoea kuita kila mng'ao wa gizani "fosforasi", pamoja na ule wa mawimbi yanayowaka usiku kasia linapopiga maji, ambao kwa kweli ni kazi ya vijiumbe vidogo sana vya baharini. Fosforasi ile ya Brand haimo katika mwanga wa uyoga wala wa ngisi. Ingekuwa imo, wangeungua: inashika moto kwenye joto la kawaida la mchana wa Tanga.

Kuni, mpishi na hewa

Aliyefungua mlango wa jambo hili alifanya kitu ambacho mpishi yeyote angekifanya. Raphaël Dubois, Mfaransa, miaka ya 1880 alichukua viumbe wanaowaka, kwanza mbawakawa na baadaye kombe wa baharini, akatengeneza supu mbili. Ya maji baridi iliwaka kidogo, kisha ikazima. Ya maji moto haikuwaka kabisa. Alipozimimina pamoja, zile supu mbili zilizokufa, mwanga ukarudi.

Kwa nini? Kwa sababu kuna vitu viwili. Kimoja ni kama kuni, kinatumika na kuisha. Kingine ni kama mpishi: anaendesha kazi lakini yeye mwenyewe haliwi. Katika supu baridi mpishi alibaki, kuni zikaisha. Katika supu ya moto kuni zilibaki, lakini joto lilimuua mpishi. Ukiwakutanisha, jiko linawaka tena. Kuni hizo Dubois aliziita lusiferini, na mpishi, ambaye ni aina ya kimeng'enya, akamwita lusiferesi. Majina hayo yanawashtua watu wa dini bila sababu. Neno la Kilatini lililo ndani yake lina maana ileile ya mbeba mwanga.

Kinachokosekana hapo ni hewa, na hiyo ilishajulikana zamani zaidi. Mwaka 1667 Robert Boyle, kule Uingereza, aliweka kipande cha ubao uliooza unaotoa mwanga ndani ya chombo cha kioo, akafyonza hewa kwa pampu. Ubao ukazima. Akarudisha hewa, ukawaka. Boyle hakujua habari za oksijeni, ambayo ilikuja kutambuliwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, wala hakujua kwamba kilichokuwa kikiwaka hakikuwa ubao bali fangasi waliokuwa wakiula kutoka ndani. Lakini jaribio lake lilikuwa sahihi.

Tofauti na jiko ni kwamba hapa hakuna moto. Balbu za zamani za waya zilitumia sehemu kubwa ya umeme kuchemsha hewa ya chumba, na kilichobaki ndicho kikawa mwanga. Mwanga wa viumbe karibu hauna joto. Unaweza kuugusa uyoga unaowaka na kidole kisisikie kitu zaidi ya unyevu.

Sasa fundo lenyewe, ambalo hata makala nyingi za sayansi hulipita haraka. Watu wakisikia kwamba uyoga una lusiferini na ngisi ana lusiferini, wanahitimisha kwamba wana kitu kimoja. Hapana. Lusiferini ni jina la kazi, halitaji kitu kimoja maalumu. Ni kama neno "dereva". Dereva wa daladala na dereva wa treni wote ni madereva, lakini jaribu kuwabadilishana uone kama abiria watafika.

Lusiferini ya fangasi hutengenezwa kutokana na asidi ya kafeiki, ambayo imepata jina kutoka kwenye kahawa lakini si ile kafeini inayokukosesha usingizi. Fangasi hufanya marekebisho kadhaa, hupata kuni zake, huziunguza kwa oksijeni, na majivu yanayobaki huyageuza tena kuwa asidi ya kafeiki. Ni jiko linalorudisha majivu kuwa kuni. Ngisi wengi wa kina kirefu hutumia kitu kingine kabisa kiitwacho selenterazini, ambacho hupatikana kwa viumbe wengi wa baharini, na wengi wao hawakitengenezi, wanakipata kwa kula walionacho. Ukimpa mpishi wa ngisi kuni za uyoga, jiko haliwaki. Ukimpa mpishi wa uyoga kuni za ngisi, vilevile.

Visiwa vyenye wote wawili

Iko sehemu moja duniani ambapo unaweza kuwaweka hawa wawili karibu sana. Ni visiwa vya Ogasawara, mali ya Japani, kama kilomita 1,000 kusini mwa Tokyo. Hakuna ndege za abiria. Unapanda meli na kusafiri karibu siku nzima. Usiku wa msimu wa mvua, katika misitu ya kisiwa cha Chichijima, juu ya magogo na mianzi iliyooza hutokea uyoga mdogo uitwao kitaalamu Mycena chlorophos. Kofia yake haizidi sana upana wa sarafu. Mchana ni kitu cha kijivu, chenye utelezi, ambacho ungekikanyaga bila kuomba radhi. Usiku huwaka kijani. Wenyeji wameupa jina la utani, "green pepe".

Toka msituni, shuka pwani, panda mashua. Haikuchukui muda kabla sakafu ya bahari haijakukimbia chini ya miguu, kwa sababu visiwa hivi ni vilele vya milima iliyosimama kwenye maji marefu. Hapo ndipo mtafiti Tsunemi Kubodera na wenzake walipokuwa wakishusha kamera zilizofungwa chambo. Mwaka 2005 walimnasa kwenye video ngisi aitwaye Taningia danae, jitu ambalo wakubwa wake wamepimwa wakapita kilo 100. Ana mikono minane tu, hana ile miwili mirefu ya ziada ambayo ngisi wengine wanayo, na kwenye ncha za mikono yake miwili amebeba taa mbili, kila moja kama ndimu. Ni miongoni mwa viungo vikubwa vya mwanga vinavyojulikana kwa mnyama yeyote.

Video ilionyesha kitu ambacho mizoga iliyokuwa ikiokotwa isingeweza kukisema. Ngisi huyu anakuja kwa kasi, na kabla tu ya kukamata chambo anapiga mwanga mkali, pap! Watafiti walipendekeza kwamba huenda anampofusha windo kwa ghafla, au anajimulikia apime umbali. Dereva aliyewahi kuwashiwa taa kubwa na lori usoni barabara ya Segera anajua jinsi sekunde moja ya upofu inavyotosha.

Kwa hiyo ndani ya safari ya siku moja una uyoga unaowaka na ngisi anayewaka. Mmoja kijani, mwingine buluu. Mmoja hana swichi, mwingine anayo. Tofauti hizo mbili zinaeleza mengi.

Rangi kwanza. Maji ya bahari hunyonya rangi nyekundu mapema sana, na buluu ndiyo inayosafiri mbali. Kwa hiyo taa ya buluu ndiyo yenye manufaa huko chini, na macho ya viumbe wengi wa kule yamezoea rangi hiyo hasa. Msituni hakuna kizuizi hicho, na macho ya wadudu wengi wa usiku yanaiona kijani vizuri.

Swichi ni jambo refu zaidi.

Taa ya kujifichia

Mtu wa nchi kavu akisikia ngisi ana taa gizani, anadhani ni tochi ya kutafutia chakula. Kwa Taningia huenda ni hivyo. Lakini kwa wengi wao taa kazi yake ni kuwaficha, na hapa ndipo mpwa wangu alipokaa chini.

Simama chini ya mnazi saa sita mchana, utazame juu. Kunguru aliyetua kwenye kuti unamwona kama doa jeusi, hata manyoya yake meupe ya kifuani huyaoni, kwa sababu nyuma yake kuna anga yenye mwanga. Sasa fikiria uko mita 400 chini ya bahari. Mwanga unaotoka juu ni kidogo mno, lakini upo. Samaki mwindaji hukaa chini na kutazama juu, akisubiri doa jeusi lipite. Ngisi hana gogo la kujificha nyuma yake, hana jiwe, hana mwani. Dawa yake ni kuwasha taa ndogo ndogo tumboni, kwa ukali uleule wa mwanga unaotoka juu. Doa linafutika. Wingu likipita juu ya bahari na mwanga ukapungua, anapunguza taa zake. Ni kama kunguru yule angejipaka rangi ya anga tumboni na kuibadilisha kila dakika.

Bingwa anayejulikana wa mchezo huu ni ngisi mdogo wa Japani, Watasenia scintillans, ambaye Wajapani wanamwita hotaru-ika, yaani ngisi kimulimuli. Mwili wake ni sentimita saba hivi. Ana mamia ya vitone vya taa upande wa chini, vitano chini ya kila jicho, na vitatu vikubwa kwenye ncha za jozi moja ya mikono. Kila mwaka, kuanzia Machi hadi Mei hivi, majike hupanda kwa wingi kutaga katika Ghuba ya Toyama, na usiku maji ya ufukweni huwaka buluu. Eneo hilo la bahari lilitangazwa kisheria kuwa hazina maalumu ya asili mwaka 1952. Ngisi wenyewe hawakulindwa: wanachemshwa na kuliwa na miso iliyotiwa siki, na wanaosema kila kinachowaka kina sumu waanze kueleza hapo.

Haya yote yanahitaji mishipa ya fahamu. Ngisi anaona, anapima, anaamua, anawasha. Na si yeye peke yake huko chini. Utafiti wa MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari ya California, uliochapishwa 2017, ulipitia video za zaidi ya wanyama 350,000 waliorekodiwa kutoka juu ya maji hadi kina kirefu, na karibu robo tatu yao walikuwa wa aina zinazoweza kutoa mwanga. Sisi wa nchi kavu tunaona kuwaka ni muujiza, lakini katika bahari kuu asiyewaka ndiye wa ajabu.

Na uyoga, unamwonyesha nani?

Kwa fangasi mambo ni kinyume. Spishi zinazojulikana kutoa mwanga ni zaidi ya 100 tu, kati ya spishi zaidi ya 100,000 za fangasi zilizopewa majina. Na tunapaswa kusahihisha jambo moja: kile tunachokiita uyoga ni tunda tu. Mti wenyewe, tuseme hivyo, ni nyuzi nyembamba kuliko unywele zilizotambaa ndani ya ubao au udongo. Jamaa zao wengine ndio wanaowaletea watu mwasho kwenye vidole vya miguu, na neno "fangasi" mtaani limebaki na maana hiyo ya ugonjwa, lakini jamaa ni kubwa.

Katika kundi la Armillaria, tunda halitoi mwanga kabisa. Zinazowaka ni nyuzi ndani ya ubao. Ndiyo maana zamani watu waliamini ubao mbovu unawaka wenyewe. Kundi hili halina mzaha: lina aina zinazoua mizizi ya miti, na wakulima wa chai katika nyanda za juu za Kenya wanalijua kwa ubaya wake. Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon nchini Marekani, fangasi mmoja wa kundi hili ametambaa chini ya ardhi kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 10. Ni kiumbe mmoja, na ana miaka zaidi ya 2,000.

Wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, David Bushnell alitengeneza nyambizi ya mbao ya mtu mmoja iliyoitwa Turtle. Ndani yake mshumaa ungemaliza hewa, kwa hiyo dira ikatiwa vipande vya ubao unaowaka. Kukawa na shida ambayo hakuna fundi umeme angeitabiri: baridi ikizidi, taa inafifia, maana taa yenyewe ni kiumbe hai na kiumbe akipata baridi hupunguza kazi.

Lakini kwa nini uyoga uwake? Hauna macho, hauna mwindaji wa kumkwepa, hauna mchumba wa kumwita. Wanasayansi hawajakubaliana, na mimi napenda ugomvi wao. Huko Brazil kuna uyoga mkubwa unaoota chini ya miti ya jamii ya michikichi, Neonothopanus gardneri, ambao wenyeji wanauita ua la nazi. Watafiti waliugundua kuwa na saa yake: mwanga wa nyuzi zake hupanda na kufikia kilele kama saa nne usiku, kisha hushuka. Wakatengeneza nyoga bandia za plastiki, nyingine wakazitia taa ndogo za kijani, wakazipaka gundi na kuziacha msituni. Zenye taa zilinasa wadudu wengi zaidi. Hoja yao, iliyochapishwa 2015, ni kwamba uyoga unaita wadudu waje wachukue mbegu zake, kama ua linavyoita nyuki, hasa chini ya miti ambako upepo haufiki.

Mwaka uliofuata watafiti wa Australia wakafanya jaribio linalofanana kwa uyoga wa kwao, Omphalotus nidiformis. Wadudu hawakujali. Mwanga haukuwavuta zaidi ya giza. Na ukiongeza wale Armillaria wanaowaka ndani ya ubao, ambako hakuna mdudu wa kuwaona, inabidi ukubali kwamba kwa baadhi ya fangasi mwanga huenda ni cheche tu za kazi nyingine ya mwili, kama kelele ya mashine ya kusaga: hakuna aliyeinunua kwa ajili ya kelele. Maoni yangu ni kwamba hakuna jibu moja kwa wote, na anayelitafuta jibu moja anarudia kosa la picha ile, la kuona kinachofanana kwa macho na kudhani sababu ni moja.

Kuhusu sumu: baadhi ya jamaa za Omphalotus zinawaka na kweli zina sumu, lakini mwanga si kipimo. Kuna uyoga mdogo, Panellus stipticus, ambao ukiwa Amerika Kaskazini unawaka na ukiwa Ulaya hauwaki, na ni spishi ileile. Uyoga usioujua uache, uwe unawaka au hauwaki.

Kijiti cha ngisi

Turudi kwenye undugu. Shuleni wengi tulifundishwa kuweka uyoga kapu moja na mimea kwa sababu unaota na hautembei. Sokoni pia unauzwa karibu na mchicha. Lakini mchicha hutengeneza chakula chake kwa jua. Uyoga unakula, kama mimi na wewe, ila unayeyushia chakula nje ya mwili ndipo unakinyonya. Mchicha ukiweka akiba, unaiweka kama wanga. Uyoga huiweka kama glikojeni, kitu kilekile kilichomo kwenye maini yako sasa hivi. Na kuta za seli za mchicha zimejengwa kwa selulosi, wakati kuta za fangasi zina kitini.

Kitini ndicho kinachotengeneza maganda ya kamba na mbawa za mende. Ndicho kilichomo kwenye mdomo wa ngisi, ule unaofanana na wa kasuku. Na kile kijiti cha plastiki nilichokuwa nimekishika jikoni, mabaki ya gamba ambalo mababu wa ngisi walilibeba nje ya mwili, ni kitini na protini. Uchunguzi wa vinasaba umethibitisha yale ambayo kitini na glikojeni vilikuwa vikinong'ona: fangasi na wanyama ni matawi ya shina moja, lililoachana zamani sana, kwa makadirio ya kama miaka bilioni moja au zaidi. Mimea ilikwishatoka mapema. Uyoga ni ndugu wa ngisi, na ni ndugu yako, kuliko ulivyo ndugu wa mchicha.

Mwanga je? Hauwezi kuwa urithi wa babu huyo. Kati ya ngisi na uyoga kuna ukoo mzima wa viumbe wasiowaka, kuni zao ni tofauti, wapishi wao ni tofauti. Wanasayansi wamehesabu kwamba uwezo wa kutoa mwanga umezuka upya zaidi ya mara 40 katika historia ya viumbe, mara nyingi kwa njia yake. Fikiria popo, kunguru na nzi. Wote wanaruka, na hakuna aliyeazima bawa kwa mwenzake.

Utofauti huu wa kuni una matokeo hata kwenye maduka. Mimea tayari ina asidi ya kafeiki. Kwa hiyo wanasayansi walipotaka kutengeneza mmea unaowaka wenyewe, wakachukua vinasaba vya fangasi, vikaingia kama mgeni anayekuta chungu na unga viko tayari. Tumbaku inayowaka ilitangazwa mwaka 2020, na maua ya petunia yanayowaka yalianza kuuzwa Marekani mwaka 2024. Kwa vinasaba vya ngisi isingekuwa rahisi hivyo, maana mmea hauna selenterazini wala haumli aliyenayo. Uvumi kwamba miti ya namna hiyo itachukua kazi ya taa za barabarani uupuuze: mwanga wa ua lile ni hafifu, unahitaji chumba cha giza na macho yaliyotulia.

Mpwa wangu alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali la maana kuliko yangu yote: "Na huyu wa kwenye sinki, akizimiwa taa?"

Nikamwambia huyu ni wa maji mafupi, wa kufuata taa za wavuvi wa dagaa. Akiwaka hapa jikoni, basi ni bakteria wa baharini walioota juu ya nyama yake, jambo linalotokea kwa samaki waliokaa kaa, na haina maana moja kwa moja kwamba ana sumu, ila mimi nisingemla. Hakuridhika. Akazima taa ya jikoni, akafunga mlango, tukasimama humo na harufu ya bahari tukisubiri macho yazoee.

Ngisi hakuwaka. Iliyowaka ni mishale ya saa yangu, kijani, saa mbili kasorobo, na hata hiyo ilikuwa inafifia.